Moshi Haukuuliza Pasipoti

Wasee, leo sina vichekesho. Leo tuongee kuhusu moshi.

Huwa mnaniuliza mbona niliacha chuo mwaka wa pili, na mimi hujibu eti masomo ndiyo yaliniacha. Ukweli ni kwamba anko ndiye alikuwa ananilipia karo, halafu kifua chake kikakataa kazi.

Anko alifanya kazi Iraq miaka 3, ndani ya kambi ya jeshi la Marekani. Hakuwa mwanajeshi, alikuwa dobi. Wakenya na Waganda wengi walienda huko na kampuni za kandarasi kupika, kufua na kulinda geti. Anasema nyuma ya kambi kulikuwa na shimo la taka, moto hauzimwi mchana wala usiku. Plastiki, betri, rangi, taka za hospitali, vyote vinamwagiwa mafuta ya ndege vinachomwa. Asubuhi akipangusa meza ya kupigia pasi, kitambaa kinatoka cheusi.

Juzi nikiwa naskroli nikapata video ya Jon Stewart, yule mchekeshaji wa Marekani, amewaka kwa hasira nje ya bunge lao. Ilikuwa Julai 2022. Seneti ilikuwa imekwamisha mswada wa kuwasaidia wanajeshi waliovuta moshi wa mashimo kama hayo. Wanajeshi wastaafu na familia zao wakakesha kwenye ngazi za bunge. Tarehe 2 Agosti mswada ukapita, kura 86 kwa 11, na Biden akautia saini tarehe 10. Sheria hiyo, PACT, imebeba jina la Heath Robinson, sajini aliyetumwa Kosovo na Iraq, akafa 2020 kwa saratani ya mapafu.

Cheki vile inafanya kazi. Zamani mwanajeshi alitakiwa athibitishe kwamba moshi ndio ulimgonjesha. Sasa moshi wa miaka 10 iliyopita utauleta wapi kama ushahidi? Siku hizi, kama alihudumu Iraq na ana ugonjwa ulio kwenye orodha, kama pumu iliyoanza baadaye au saratani ya mapafu, serikali inachukulia moja kwa moja kuwa ulitoka kazini. Anaweza kupata matibabu na malipo ya kila mwezi.

Na hawakupewa bure. Waliopigana Vietnam walinyunyiziwa sumu ya kukausha misitu hadi 1971. Sheria yao ilikuja 1991.

Nikamwonyesha anko hiyo video. Akaitazama mara mbili, kisha akauliza, "Na sisi?"

PACT ni ya wanajeshi. Wa kandarasi wana sheria nyingine, Defense Base Act ya 1941, inayomlazimu mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, hata wasio Wamarekani. Lakini haina ile orodha ya magonjwa ya moshi. Unapeleka dai, kampuni ya bima inaweza kubisha, na kuna muda wa mwisho wa kudai. Anko hakuwahi hata kuambiwa hiyo bima iko. Alisaini karatasi, akapewa tiketi, akaondoka.

Sina noma na wanajeshi kulipwa, walistahili kitambo. Lakini moshi ulikuwa mmoja. Haukuuliza nani ana pasipoti gani kabla ya kuingia kifuani.

Kwa hivyo, kama baba, anti au jirani yako alifanya kazi kwenye kambi hizo, muulize leo: mkataba uko wapi? Beji? Karatasi za mshahara? Picha za eksirei? Ziwekeni pamoja, mtafute wakili anayejua mambo ya fidia, na msingoje mpaka mtu azidiwe.

Sisi tumeanza. Vitu vya anko viko kwa katoni ya viatu chini ya kitanda. Beji tumepata. Mkataba una ukurasa wa kwanza tu. Jumamosi narudi kwake tutafute wa pili.