Nyuzi Zilizolegezwa



Methali yasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi wa korali ya parokia moja ya Butembo hatuipingi. Lakini tumejifunza kwamba kidole kimoja chaweza kuongoza wimbo mzima wa Misa kwenye gitaa, nasi twapenda kuwaelezeni namna yake.

Kama mjuavyo, tangu Oktoba 2014 mauaji yameitesa nchi ya Beni, na watu wengi wamekimbilia Butembo kwa barabara ile ya kilomita 54 hivi. Kati yao alikuja kijana aliyekuwa mpiga gitaa wa korali ya kwao. Panga lilimwachia mkono wa kushoto wenye vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Alifika mazoezini, akaketi nyuma, akaimba. Tulipompa gitaa hakulipokea. Alisema kwa upole, "Wandugu, ile kazi imekwisha."

Siku zile mmoja wetu alikuwa na nyimbo za Hawaii katika simu yake. Hawaii ni visiwa vya mbali katika bahari ya Pasifiki. Katika miaka ya 1830 wachunga ng'ombe kutoka Meksiko walifika huko kuwafundisha wenyeji kazi yao, wakaja na magitaa. Wenyeji waliyapenda, lakini walizipatanisha nyuzi kwa masikio yao wenyewe. Walizilegeza mpaka zote, zikipigwa bila kubonyezwa, zikatoa sauti zinazopatana. Kulikuwa na jamaa zilizoficha namna yao ya kulegeza, hata jirani asiijue. Sisi hatufichi.

Nyuzi za gitaa la kawaida, toka ule mwembamba hadi ule mnene, hulia mi, si, sol, re, la, mi. Uzi wa 2, wa 3 na wa 4 uziache kama zilivyo. Uzi mnene wa 6 uulegeze mpaka ulie re, upatane na uzi wa 4, ila kwa sauti nzito zaidi. Uzi wa 5 uushushe mpaka sol, upatane na wa 3. Uzi wa 1 uushushe mpaka re, upatane na wa 4 kwa sauti nyembamba. Ushushe polepole ukisikiliza, maana uzi uliolegea bila kipimo ni kelele tu. Basi, nyuzi tatu zimeshuka, tatu zimebaki. Ukizipiga zote hivi hivi, wapata sauti za sol. Ukilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote kwenye chuma cha 5 cha shingo ya gitaa, wapata sauti za do. Kwenye chuma cha 7, sauti za re. Kwa hizo tatu nyimbo nyingi za kanisani zaimbika.

Na mkono wa kuume? Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, alizipiga nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada, na sifa zake zikafika hata Nairobi.

Lakini korali yetu ina gitaa moja tu, na wapigaji wengine wawili walilizoea kwa namna ya kawaida. Kukaza na kulegeza kila mara hukata nyuzi, nazo zina bei. Tena nyimbo zetu za matanga, zenye sauti ya huzuni, hazipatikani kwa kidole kimoja kilicholazwa. Ikatubidi kuulizana: je, wawili waanze upya, na nyimbo nyingine zipigwe bila gitaa, kwa ajili ya mmoja? Majadiliano yalichukua jioni mbili, na maneno mengine yalikuwa makali.

Mzee mmoja wa korali ndiye aliyetukumbusha Mtakatifu Damien. Padri huyo wa Ubelgiji aliishi Hawaii hiyo hiyo. Mwaka 1873 alikwenda kukaa na wakoma katika kisiwa cha Molokai, akafa kwa ugonjwa wao mwaka 1889, na Papa Benedikto XVI akamtangaza mtakatifu mwaka 2009. Aliwajengea nyumba, akawazika wafu wao, akawafanyia pia korali. "Watoto," mzee akasema, "hakungoja vidole vyao vipone ndipo waimbe."

Wale wawili wakanyamaza. Kisha mmoja akachukua gitaa, akaulegeza uzi wa 6.

Leo kijana yule ndiye mwalimu wao. Asubuhi za baridi mkono humuuma, na Dominika nyingine hapigi. Habari za usiku ule hasemi, nasi hatumwulizi. Wimbo wa matanga twauimba kwa sauti tupu, na watu wamezoea.

Ndugu wasomaji, aliyejeruhiwa mara nyingi huambiwa ajizoeze kufuatana na wenzake. Huenda ni wenzake wanaopaswa kushuka kidogo, kila mmoja kwa kipimo chake, mpaka wote wapatane. Mtuombee, na muiombee Beni amani.