Mikate inaivishwa wapi?

Juma hili tunataka kuungama kosa letu sisi walimu, maana huenda linatokea hata nyumbani.

Katika mwaka wa tatu wa msingi tuliandika swali ubaoni: "Mikate inaivishwa wapi?" Tulingoja jibu moja tu: katika tanuru. Binti mmoja aliyehamia hapa Keshero kutoka Kinshasa aliandika: "Katika mafuta." Tukamtilia alama nyekundu. Tena tukasoma jibu lake kwa sauti, na darasa zima likacheka. Tangu siku ile hakunyoosha kidole tena. Tukimwita, anatazama chini.

Juma lililofuata mama yake alikuja shuleni. Hakuja na hasira, alikuja na mfuko wa mandazi ya moto. Akatuuliza: "Mwalimu, hii mnaiitaje?" Tukajibu: "Mandazi." Akasema: "Kwetu Kinshasa hii ndiyo mikate. Ule mkate wenu sisi tunauita lipa. Mtoto ananiona kila asubuhi nikitia mikate katika mafuta. Angeandika nini?"

Hatukuwa na la kusema. Mtoto alijibu vizuri, ila alijibu kwa Kilingala cha kwao.

Tangu hapo tumeanza kusikiliza vizuri majina ya vitafunio. Unga wa ngano, sukari, chachu na mafuta ni vilevile, lakini mama wa Bukavu au Bujumbura atakuambia ni bitumbura. Ukifika Tanzania na kuomba vitumbua, utapewa vya unga wa mchele na nazi, vilivyopikwa katika kikaango chenye mashimo. Kule Mombasa, mandazi yenye tui la nazi na iliki ni mahamri. Karanga zetu, Kinshasa ni nguba, na Nairobi wengi wanaziita njugu. Hata sambaza wa ziwa letu la Kivu, ukienda Uvira utasikia ndagala, na Kigoma ni dagaa.

Wazungu nao wanachanganyana. Mwingereza akiagiza chips anataka frite za moto. Mmarekani akisikia chips anawaza vile viazi vyembamba vikavu vya kwenye mfuko, ambavyo Mwingereza anaviita crisps. Wote wawili wanasema Kiingereza, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba hana akili.

Basi, wamama, Keshero yetu imepokea watu wa Masisi, Rutshuru, Bukavu, Kinshasa, na wengine waliorudi kutoka ukimbizini Uganda. Wengi waliacha nyumba na mashamba. Maneno ya jikoni kwa mama ndiyo machache waliyokuja nayo. Tukiyacheka, tunawanyang'anya hata hayo.

Sisi tulirudi mbele ya darasa, tukafuta ile alama nyekundu, tukamwomba binti msamaha wenzake wakisikia. Kisha tukamwomba awafundishe majina ya kwao. Alianza kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye nguba, wote walikuwa wanarudia pamoja naye.

Mtoto mgeni akija kucheza kwako na kuomba kitu kwa jina usilolijua, usimwambie, "Hapa hatusemi hivyo." Muulize, "Nionyeshe, kwenu ni nini?" Halafu mpe, ale.