Jicho Ndani ya Neno

Mkazi wa Pwani akitaka kutoa fikra yake barazani, aghalabu husema, "Rai yangu ni hii." Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama, akisimama mkutanoni, husema, "Maoni yangu ni haya." Ni maneno mawili, na kila moja lina safari yake, lakini yote yamezaliwa na jicho.

Rai imetoka katika Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kuona. Maoni ni mtoto wa Kibantu: ni ona, iliyovishwa ma- mbele na -i nyuma. Wasukuma wa Shinyanga na Geita husema kubona. Wao wameihifadhi ile b ya kale ambayo Kiswahili kimeipoteza. Kwa hiyo Msukuma anayejifunza neno maoni hakutani na mgeni, bali na ndugu aliyepungukiwa na herufi moja. Wala si ajabu kwamba "naona" ni kutazama na ni kudhani pia.

Sarufi ndiyo inayoyatenganisha. Rai huhesabika: rai hii, rai hizi. Maoni hukaa pamoja na maji na maziwa. Umoja wake, oni, ni nadra kusikika vinywani mwa watu. Hata mwenye wazo moja tu husema kwa wingi. Na kilichomiminwa chombo kimoja, nani atajua tone lipi ni la nani?

Swali hilo ni zito katika ukanda wa dhahabu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini. Ripoti ikatoka 2008, na Sheria mpya ya Madini ikapitishwa 2010. Katika shughuli za namna hiyo huandikwa kwamba wananchi "walitoa maoni". Lakini anayetoa maoni hutoa alichokiona: duara alilolichimba kwa mikono yake, shamba lililofikiwa na uzio.

Kwenye mialo, mchimbaji huosha mchanga kwa karai, taratibu, mpaka chembe moja ya dhahabu ibaki peke yake. Laiti wakusanyaji wa maoni wangekuwa na subira hiyo, wangeikuta ndani ya wingi ule rai ya mtu mmoja, aliyeona.