Afu Katika Kiwanda cha Lamu

Mpita njia katika mji wa kale wa Lamu haoni bustani. Huona kuta za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, na vichochoro ambamo punda mwenye mzigo akipita, watu hujibanza ukutani. Bustani zimo ndani, nyuma ya daka, katika kiwanda kilicho wazi kwa mbingu.

Katika kiwanda kimoja tulichokaribishwa baada ya sala ya alasiri, mimea miwili imepandwa bega kwa bega: asmini na mwafu. "Asmini ni mgeni aliyezoea," alituambia mama mwenye nyumba. "Mwafu ni mwenyeji." Kauli yake ni ya kweli. Asmini asili yake ni Asia; mwafu ni wa Afrika, nao huota wenyewe katika vichaka vya pwani yetu. Ajabu ni kwamba jina lake la kitaalamu, Jasminum fluminense, linatokana na Rio de Janeiro, kwani wataalamu waliuandika kwanza huko Brazil, baada ya kuvushwa bahari kutoka Afrika.

Kuitofautisha si kazi. Jani la asmini ni moja, la mwafu lina vijani vitatu. Ua la afu ni jembamba, jeupe, na harufu yake huzidi giza linapoingia. Mabinti wa leo huijua asmini ya kikuba. Afu wengi hawaijui hata kwa jina. Kichaka alikoukata mama huyu mche wake sasa kimejengwa nyumba, na mwafu uliokuwepo haupo tena.

Alitueleza anavyoutunza. Kipande cha shina chenye vifundo viwili au vitatu huchomekwa penye kivuli mwanzo wa masika, udongo usikauke wala usituame maji. Mwafu haushiki ukuta kwa mizizi, hujizungusha. Basi ameusimamishia fito, zikiachana na ukuta kiasi cha shubiri, ili chokaa ipate hewa. Maji ni yale ya udhu, yasiyo na sabuni, yanayoelekezwa kwa mfereji mdogo. Hupogoa kila maua yanapopungua, na hapo hana huruma, kwani mmea huu ukiachwa hufunika kila kitu, na ndege hula tunda zake nyeusi wakazitawanya mbegu. Huko Florida, Marekani, umekuwa gugu la kusumbua misitu.

Mturituri nao ni mtambaazi, lakini yeye hautaki nyumbani. Punje zake nyekundu zenye doa jeusi huvutia watoto, na zikitafunwa sumu yake huweza kuua. Hapo tunaungana naye kabisa.

Maghribi ilipoadhiniwa maua yalikuwa yameanza kufunguka. Tuliondoka na vipande vinne vya shina, vimefungwa kwa kitambaa kibichi, kila mmoja wetu na chake. Kwa aliye na kichaka jirani ambacho hakijauzwa, huu ndio wakati wa kwenda kutazama kama mwafu ungalimo.