Githeri Haiivi kwa Wastani

Kama uliwahi kuketi kwenye saiba enzi za Windows 7, hii namba uliiona hata kama huikumbuki. Ulikuwa unabofya kulia kwenye picha ya kompyuta, unafungua maelezo ya mashine, na hapo ndani kuna kisanduku kidogo chenye 3.4, au 4.7, au kama saiba ni ya mtu mwenye pesa, 5.9. Sisi watoto wa shule tuliichukulia kama maksi. Mashine ya 5 ni genius, mashine ya 2 ni ya kuchapia barua ya kuomba kazi na kuondoka. Tulikuwa tunagombania viti kwa hiyo namba. Ilitoka wapi, ilipima nini, hakuna aliyeuliza.

Ilikuja na Windows Vista, ambayo ilifika madukani Januari 2007. Mfumo wenyewe ulikuwa unaendesha programu ndogo iitwayo WinSAT, inaihangaisha mashine kwa dakika chache kisha inaipa alama kuanzia 1.0 hadi 5.9. Vifaa vilipozidi kupata kasi, dari likapandishwa: Windows 7 mwaka wa 2009 ikafika 7.9, Windows 8 mwaka wa 2012 ikafika 9.9. Kwa hivyo ukiambiwa mashine ina 5.9, swali la kwanza ni: kwenye Windows gani? Mashine iliyogonga dari la Vista ingekuwa ya kawaida tu mbele ya dari la Windows 8.

Ile namba moja iliyoonekana ilitokana na tano. WinSAT inapima prosesa, RAM, michoro ya kawaida ya skrini, michoro ya michezo, na diski. Kila moja inapata alama yake. Halafu, na hapa ndipo wengi wetu tulidanganyika, alama ya jumla haikuwa wastani wa hizo tano. Ilikuwa ile ya chini kabisa. Prosesa ikiwa 7, RAM 7, diski 6, na michoro 3.1, mashine nzima ni 3.1. Basi.

Kwa mtu aliyesomea Kenya hii inaonekana kama uonevu. Sisi tumelelewa na wastani. Kwenye KCSE mtu anaweza kubeba D ya Hisabati mfukoni na bado atoke na B, kwa sababu Kiswahili, Historia na Dini zimembeba mgongoni. Chuoni ni hivyo hivyo; niliondoka kabla ya kumaliza, lakini karatasi waliyonipa ina wastani chini kabisa, na huo wastani hausemi kama nilikuwa mzuri kwa kuandika na mbovu kwa takwimu, au kinyume.

Lakini fikiria sufuria ya githeri. Mahindi yameiva saa moja iliyopita, maharagwe bado ni mawe. Huwezi kupakua ukisema kwa wastani githeri imeiva. Chakula kinangoja maharagwe. Kompyuta nayo hungoja. Prosesa inaweza kuwa na mbio kiasi gani, ikiomba faili kutoka kwa diski inayosuasua, itakaa hapo imenyoosha mkono. Waliotengeneza hiyo namba walilielewa hilo, na kwa hilo nawapa heshima. Hawakutaka uzuri wa sehemu moja ufiche ubovu wa nyingine.

Shida inaanza unapouliza: githeri ya nani?

Mimi naishi kwa kuandika makala na kunukuu sauti za mahojiano. Laptopu yangu ni ile ya mtumba inayoitwa ex-UK, yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, ile ambayo ukiweka sikio unasikia inakwaruza. Nikiiwasha asubuhi nilikuwa na wakati wa kuchemsha chai, kuinywa, na kuosha kikombe. Kufungua faili ya sauti huku kivinjari kiko wazi ilikuwa kazi ya kuomba Mungu. Kazi za kunukuu zinakuja na saa ya mwisho, ukichelewa inapewa mwingine, kwa hivyo kila dakika ya kungoja mashine nilikuwa nailipia. Fundi mmoja aliigeuza mara mbili akasema, "Buda, hii imezeeka. Tafuta ingine." Hiyo ingine ilikuwa shilingi 18,000. Sikuwa nazo.

Wakati huo ile namba ya saiba ilikuwa imeshapotea machoni. Microsoft waliiondoa kwenye skrini kuanzia Windows 8.1, mwaka wa 2013. Lakini WinSAT yenyewe haikung'olewa. Iko chini ya sakafu mpaka leo. Unachomeka chaja, kwa sababu ikitumia betri inakataa, unafungua kidirisha cha amri kama msimamizi wa mashine, unaandika winsat formal, unangoja. Ikimaliza, unafungua PowerShell na kuandika Get-CimInstance Win32_WinSAT. Namba zinajipanga mbele yako.

Zangu zilikuwa hivi: prosesa 6.6, RAM 5.9, michoro ya kawaida 4.2, michezo 9.9, diski 5.4. Alama ya jumla: 4.2.

Ukizisoma haraka unasema ugonjwa uko kwenye michoro. Ndiyo ya chini, ndiyo maharagwe. Na hapo ndipo ilinibidi nikae chini nizielewe moja moja.

Anza na ile 9.9 ya michezo. Kwa laptopu ya ofisi ya kizamani, 9.9 ni mzaha. Sababu ni kwamba kwenye Windows 10 kipengele hicho hakipimwi tena kwa dhati. Karibu kila mashine inapewa alama kamili na kupita. Ni kama mwalimu aliyeacha kusahihisha lakini bado anaandika maksi kwenye ripoti.

RAM nayo inapimwa kwa kasi, lakini kuna dari linalotegemea ukubwa. Ikiwa RAM ni kidogo, haijalishi ina mbio gani, alama haipiti mahali fulani. Hapo 5.9 ilikuwa inaniambia "ni kidogo", si "ni polepole".

Diski ndiyo iliyonifungua macho. Tangu Windows 7, diski za kuzunguka zinaishia 5.9. Hiyo ndiyo kilele chao. Kwa hivyo 5.4 yangu haikuwa ya katikati. Ilikuwa karibu na mwisho wa uwezo wa aina hiyo ya diski, na aina yenyewe ndiyo ya polepole. Ile 4.2 ya michoro ilikuwa namba ndogo kuliko 5.4, lakini kwangu mimi ilikuwa haina maana. Siunganishi video. Sichezi gemu. Maneno meusi kwenye ukurasa mweupe hayahitaji michoro ya ajabu. Kwa kazi yangu, maharagwe yalikuwa diski, hata kama mashine ilisema ni kitu kingine.

Nikanunua SSD ya gigabaiti 256 kwa shilingi 3,500, fundi mwingine akaifunga, nikapima tena. Diski: 8.0. Chai yangu sasa naipika mashine ikiwa imeshawaka na inaningoja mimi. Nilichukua kazi mbili kwa wiki ambazo zamani ningezikataa.

Na alama ya jumla? 4.2. Haikusonga hata nukta moja.

Nimefikiria hiyo 4.2 sana. Mashine iliyobadilisha kipato changu na mashine iliyokuwa inaninyima usingizi zina gredi ile ile. Namba haikusema uongo, kwa sababu michoro kweli ilibaki ilivyokuwa. Ila ilikuwa inajibu swali la mtu mwingine. Hii namba ilizaliwa wakati wa Vista, na Vista ilikuja na Aero, yale madirisha ya kung'aa kama kioo, yaliyohitaji michoro yenye nguvu. Ilizaliwa pia ili mnunuzi wa gemu alinganishe alama ya mashine yake na ile inayohitajika. Kwa hao, michoro ni maharagwe kweli.

Hata wenyewe walijua namba na vibandiko vinaweza kupotosha. Kabla Vista itoke, kompyuta nyingi Marekani ziliuzwa na kibandiko cha kusema zinaiweza Vista, kumbe baadhi ziliweza tu toleo la chini lisilo na Aero. Wanunuzi wakaenda mahakamani Seattle mwaka wa 2007. Barua pepe za ndani zilipoanikwa kwenye kesi hiyo, ikaonekana hata mkubwa mmoja wa Microsoft alikuwa amenunua laptopu ya dola 2,100 akalalamika kwamba imebaki ya kusomea barua pepe tu. Kama yeye alishikwa na kibandiko, mimi na wewe ni nani?

Windows 11 ilipotangazwa 2021, mambo yakawa mafupi zaidi. Hakuna namba tena, kuna programu ya kukagua inayosema mashine yako inaweza au haiwezi. Toleo lake la kwanza lilikuwa linasema hapana bila kueleza sababu. Watu wakapiga kelele, likaondolewa, likarudishwa likiwa linataja kinachokosekana. Hizo kelele nazielewa sana. Mtu anaweza kustahimili kuambiwa hapana. Anachoshindwa kustahimili ni hapana isiyo na sehemu, kwa sababu hiyo haikuachii mahali pa kuanzia. Laiti fundi wangu wa kwanza angesema "diski" badala ya "imezeeka", ningeokoa miezi.

Juzi binamu yangu, anayeanza kusomea usanifu wa majengo, alinipigia simu akiwa dukani Luthuli Avenue na pesa za chama cha mamake kwenye pochi. Nilikuwa nasikia muuzaji nyuma: "Madam, hii ni Core i5, ni moto!" Jina Core i5 limekuwepo tangu 2009. Linaweza kuwa mashine ya majuzi au babu yake. Nikamwambia aulize ni kizazi cha ngapi, halafu amwombe muuzaji achomeke chaja na aandike ile amri. Muuzaji alinung'unika lakini akakubali. Akanisomea namba moja moja: prosesa 7.4, RAM 7.4, michoro 4.6, ile 9.9 ya bure, diski 8.1.

"Kuzo, hii si ni poa? Diski iko 8.1, na uliniambia diski ndiyo kila kitu."

"Kwangu. Wewe utachora majumba ya ghorofa kumi ukiyazungusha kwenye skrini. Angalia michoro."

Akanyamaza kidogo. Muuzaji akasema kitu kuhusu kupunguza elfu moja.

"Sasa kwa jumla niseme hii ni ngapi?"

"Usiseme jumla," nikamwambia. "Mwambie akuonyeshe ingine, na umsomee hiyo ya tatu."