Barabara ya Kusini na Mwaka wa Maradhi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake wote.

Msafiri anayevuka Likoni kuelekea kusini ana barabara moja kubwa ya kumfikisha Lunga Lunga, mwendo wa kilomita 100 hivi. Hupita Ng'ombeni na Waa, akafika Kombani penye njia ipandayo mji wa Kwale, kisha Tiwi, Ukunda na Diani, Kinondo, Gazi, Msambweni na Ramisi, mpaka penye kizuizi cha mpaka wa Tanzania. Wengi wetu twaijua barabara hii kwa minazi na miembe yake, kwa harusi tulizoziendea na matanga tuliyoyahudhuria. Makala haya yataka kuipita kwa sababu nyingine. Mwaka wa 2020, lilipoingia janga la korona, kila kituo cha njia hii kilitufunza jambo kuhusu serikali iliyo karibu nasi: kazi zake, mipaka yake, na sehemu iliyobaki kuwa yetu wenyewe. Mafunzo hayo tumeanza kuyasahau, na maradhi hayakutuahidi kwamba hayatarudi.

Likoni

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa tarehe 27, ilianza kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kivuko cha Likoni huvusha watu wapatao laki tatu kwa siku, na wengi wao hurudi makwao jioni, wakati mmoja. Siku ile ya kwanza, saa za kafyu hazijafika, polisi waliwarushia gesi ya machozi na kuwapiga virungu watu waliokuwa wakingoja feri. Amri iliyokusudiwa kuwatenganisha watu ikawa sababu ya kuwasonganisha, wengine wamelazwa chini, mmoja juu ya mwenziwe. Waliotoa amri walihesabu saa, hawakuhesabu feri.

Tarehe 8 Aprili ikafuata marufuku ya kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi. Kwa mtu wa mbali, mpaka wa Mombasa na Kwale ni maji ya kivuko. Sisi wenyeji twajua kwamba Likoni ni ya Mombasa, na kwamba mpaka wenyewe uko nchi kavu, kabla ya Ng'ombeni, umepita katikati ya mashamba na ukoo. Mama akawa upande huu, bintiye aliyeolewa akawa upande ule. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, ikawa ng'ambo ya mpaka na ng'ambo ya maji pia. Kwale ilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, Mombasa ikangoja mwezi mmoja zaidi.

Walikuwapo waliosema kufungiwa huku ni jambo geni katika dini. Si geni. Mtume wetu (SAW) alitufunza kwamba tukisikia tauni iko katika nchi tusiiingie, na ikiingia katika nchi tuliyomo tusitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham na akapata habari za tauni, alishauriana na watu wake kisha akarudi Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja kuiendea nyingine. Abu Ubayda (RA) alibaki na watu wake, akafariki katika tauni ile ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Wote wawili walikuwa katika utiifu. Tuzingatie pia kwamba Umar alishauriana kwanza, ndipo akaamrisha.

Kwale mjini

Ukiiacha barabara kuu pale Kombani na kupanda kilima, hewa hubadilika. Kwale imekaa juu, imepakana na msitu wa Shimba Hills, na hapo ndipo makao ya serikali ya kaunti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika kaunti nzima, baadhi yao wakiwa mbali na lami hii, Kinango na Samburu ndani ndani.

Mwaka ule watu wengi waligonga mlango usiokuwa wao. Aliyepigwa na askari wa kafyu alimlaumu gavana, na aliyekosa dawa zahanati alimlaumu chifu. Katiba ya 2010 imegawanya kazi hizi waziwazi. Polisi, uhamiaji, mipaka ya nchi, shule za msingi na za upili, hizo ni za serikali kuu, na chifu ni mtumishi wake. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi, usambazaji wa maji, masoko, uzoaji wa taka, shule za chekechea, hata makaburi, hizo ni za kaunti. Ndiyo kusema kwamba wakati wa maradhi, sehemu kubwa ya yale yamgusayo mama nyumbani iko mikononi mwa kaunti, na mtu wa kwanza wa kuulizwa ni msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi uliyempigia kura.

Gavana wakati huo alikuwa Salim Mvurya, na naibu wake Fatuma Achani, ambaye mwaka wa 2022 alichaguliwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika Pwani yetu. Nawataja ili mabinti zetu wajue kwamba ofisi zile si nyumba za wageni. Mwanamke mwenye buibui yake ana haki ya kuingia na kuuliza.

Ukunda na Diani

Rudi Kombani, shika tena njia ya kusini. Baada ya Tiwi, penye mlango wa mto Mwachema, upo Msikiti wa Kongo, wa kale, umejengwa kwa mawe ya matumbawe chini ya mibuyu mikubwa, nao ungali waswaliwa mpaka leo. Msikiti huo umeona watu wengi wakija na kuondoka kwa bahari. Mwezi wa Machi 2020 uliona jambo la nadra: milango ya misikiti kufungwa nchi nzima, na Ramadhani ya 1441 ikapita bila tarawehe za jamaa. Maghribi huku kwetu huingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kafyu ni saa moja. Mtu alikuwa na nusu saa ya kufuturu na kuwa ndani. Baba akawa imamu wa nyumba yake, na watoto wengi walimsikia kwa mara ya kwanza akisoma kwa sauti.

Misikiti ilifunguliwa Julai kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, wazee na watoto wabaki nyumbani. Vyuo vyetu vya Qur'ani viliendelea kufungwa. Kwa mwalimu wa chuo asiye na mshahara ila ada ya wanafunzi, hiyo ilikuwa njaa ya kimya, na wachache waliikumbuka.

Njaa iliyoonekana ni ya Diani. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Machi, zikarudi Agosti. Hoteli zikafunga, na nyuma ya kila mfanyakazi wa hoteli kuna mama wa mahamri, mpaka hina, mshonaji kanga, muuza samaki, dereva wa tuktuk. Serikali ilitoa barua na matangazo mengi, lakini chakula kilichowahi kufika kilitoka mlango wa jirani. Kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulifanywa bure kwa muda, na watu wengi walizitoa zaka na sadaka zao kwa njia hiyo, kidogo kidogo, bila ya mpokeaji kupanga foleni mbele ya kamera.

Jambo la pili halikusemwa misikitini kama lilivyopaswa kusemwa. Mume aliyepoteza kazi na kufungiwa ndani hakuwa salama kwa kila mke, wala kila baba wa kambo kwa kila mtoto. Nambari 1195 hupokea simu za wanaodhulumiwa kwa mapigo na unyanyasaji, na 116 ni ya watoto. Zote mbili ni bure. Kuipiga simu si kuvunja sitara ya nyumba. Aliyeivunja ni yule aliyeinua mkono.

Gazi

Baada ya Kinondo, kushoto kwako, kipo kijiji cha Gazi na mikoko yake. Wanawake wa hapa walijenga njia ya mbao juu ya maji, mgeni akapita kati ya mikoko na kulipa kiingilio. Pia upo mradi wa Mikoko Pamoja, ambao wanakijiji wa Gazi na Makongeni huilinda mikoko na kupata fedha kutoka kwa wanunuzi wa hewa ya ukaa. Fedha hizo zimetumika kwa shule na kwa maji safi.

Nayataja maji makusudi. Tangazo la mwaka ule lilikuwa moja kila mahali: nawa mikono kwa maji yatiririkayo na sabuni. Ni tangazo jepesi kwa mwenye bomba. Mama achotaye kisima cha mbali kwa ndoo ya lita 20 lazima aamue kati ya kupika, kuoshea mtoto, kutawadha na kunawa. Kijiji kilichokwisha kujitafutia maji kabla ya janga kililipokea tangazo lile kwa vitendo. Mahali pasipo maji, lilibaki kuwa maneno ya redioni.

Msambweni

Hospitali ya rufaa ya Msambweni ndiyo tegemeo la ukanda wote huu, kutoka Diani hadi Vanga. Hapa ndipo mambo mawili mazito ya mwaka ule yalipokutana: kuzaliwa na kufa.

Uchungu wa uzazi hauijui kafyu. Mpango wa Linda Mama ulikuwa umefanya uzazi kuwa bure hospitalini, lakini bure hiyo haikulipa nauli ya usiku, wala haikumtoa woga dereva wa bodaboda aliyehofia kizuizi cha polisi. Wako waliojifungulia nyumbani si kwa kupenda, na wako walioogopa hospitali yenyewe, wakidhani kila aingiaye atapelekwa karantini. Walioivunja hofu hiyo ni wahudumu wa afya wa kujitolea, wengi wao wanawake wa vijiji hivi hivi, waliopita nyumba hadi nyumba kwa miguu. Tangazo la serikali lilifika mbali kadiri walivyofika wao. Mama hakuamini karatasi ukutani, alimwamini mwana wa fulani ambaye anamjua kwao.

Kwa upande wa mauti, kanuni za Wizara ya Afya ziliruhusu mazishi ya watu wachache, na maiti wa korona akashughulikiwa na maofisa waliovaa mavazi ya kinga. Kwetu sisi, ambao kumwosha maiti ni fardhi ya kifaya na ni heshima ya mwisho, hilo liliuma. Dada hakumwosha dadake. Lakini fikihi haikukosa jibu: penye dharura isiyowezesha kuosha, maiti hutayamamishwa, na pasipowezekana hata hilo, hakalifishwi mtu lisilowezekana. Na tulikuwa na hoja ya kuipeleka kaunti, kwa kuwa makaburi na afya ni kazi zake: wafunzwe wanawake Waislamu katika kila wadi, wapewe mavazi ya kinga, wawaoshe wanawake wenzao kwa sitara. Hoja hiyo ingali na haki ya kusikilizwa leo, kabla ya kuhitajika.

Chanjo za kwanza, zaidi kidogo ya dozi milioni moja, ziliwasili nchini Machi 2021. Uvumi ulizitangulia, hasa ule wa kwamba zinafunga vizazi vya wanawake. Katika shari'a, habari isiyo na mlango haipokelewi. Tabibu aliyesomea kazi yake ndiye wa kuulizwa, kama vile Qur'ani ilivyotuelekeza kuwauliza wenye ujuzi.

Lunga Lunga

Mwisho wa lami ya Kenya, Mei 2020, mpaka ulifungwa kwa wasafiri. Malori ya mizigo yaliruhusiwa na madereva wakapimwa. Watu wa Vanga na Jimbo, ambao jamaa zao wako Jasini na Tanga, walibaki kutazamana. Maombi yao hayakuwa ya kaunti, yalikuwa ya serikali kuu, na wengi hawakujua.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Tangu hapo mengi yamebadilika: bima ya NHIF imeondoka na SHA imekuja, na barabara ya Dongo Kundu sasa yaunganisha Kwale na Mombasa bila feri. Kwa hiyo kila nyumba na ijue mambo manne: jina na simu ya mhudumu wa afya wa kijiji, namna ya kuipata ambulensi ya kaunti usiku, kama mama na watoto wamesajiliwa SHA, na jina la jirani aliye peke yake. Yaandikwe, yabandikwe nyuma ya mlango wa jikoni. Msikiti nao uwe na orodha ya wajane na walimu wa chuo, ili likija jambo tusianze kuulizana.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotangulia mwaka ule, hasa waliozikwa na watu wachache. Waponye wagonjwa wetu, na uwape viongozi wetu kuhesabu kabla ya kuamrisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.