Ukilipandisha gari, usiusahau usukani

Wapo vijana wengi jijini wanaoamini kwamba sifa ya gari la porini ni urefu. Wakiona Land Cruiser au Land Rover iliyopandishwa hata mtu mfupi akahitaji kigoda ili kuingia, basi husema hilo ndilo gari. Yaelekea tamaa hiyo imechochewa na Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangisha fedha za kujenga ua wa umeme kuizunguka milima ya Aberdare. Ua huo ulikamilika mwaka wa 2009, lakini mashindano yangaliko, na picha za magari yakiparamia majabali hutusisimua sote. Wanalosahau watazamaji ni kwamba anayeshinda pale si mwenye gari refu wala mwenye mbio. Hushinda yule anayevifikia vituo vyote kwa kupita njia fupi zaidi.

Kaka yangu alikuwa miongoni mwa waumini wa urefu. Alinunua Land Rover Defender kuukuu, na sababu yake ilikuwa njema. Mama yetu anaishi Yatta. Mgongo humsumbua, na kila mwezi hana budi kufika kliniki. Mvua ikinyesha, kipande cha udongo mweusi kati ya boma letu na barabara kuu hugeuka uji. Kuna siku matatu zilikataa kuingia, mama akabebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Siku hiyo kaka aliapa kwamba halitatokea tena.

Kwa kuwa mimi ni mkazi wa Baba Dogo, na huku mafundi hawahitaji kutafutwa kwa tochi, nilimpeleka kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akilala chini ya magari tangu nikiwa shuleni. Kaka alimwambia anataka inchi nne.

"Nne za kwenda wapi?" mzee akauliza. "Kwanza niambie gari hubeba nani, na hubeba nini."

Swali hilo ndilo msingi wa mambo yote. Springi hununuliwa kwa uzito, si kwa urefu pekee. Watengenezaji huziuza kwa viwango: za mzigo mwepesi, za wastani na za mzigo mzito. Springi ya mzigo mzito ikitiwa kwenye gari tupu haijikunji, nayo kila shimo hulipeleka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Kwa hivyo kaka, kwa nia ya kumwokoa mama, alikuwa karibu kumnunulia mateso. Mzee alipendekeza inchi mbili na springi za mzigo wa wastani.

Halafu kuna shokabsoba. Springi hulibeba gari, shokabsoba hulizuia lisiendelee kurukaruka. Gari likiinuliwa huku shokabsoba zikibaki zile za zamani, zinakuwa fupi. Gurudumu likishuka shimoni, shokabsoba hufika mwisho wake na kuvutwa kwa nguvu hadi ing'oke au ivuje. Lazima ziwe ndefu kulingana na springi. Vivyo hivyo mipira ya breki: ikiwa mifupi, siku ekseli inaponing'inia ndiyo siku utakapokosa breki.

Lakini lililonifungua macho zaidi ni habari ya usukani. Mzee alinionyesha kijana aliyekuwa akipita kwa baiskeli, mikono ameifumbata kifuani. Akaniuliza, "Dada, unajua ni nini kinachoizuia isianguke?" Pamoja na mengine, ni ule mlalo wa uma wa mbele. Uma hausimami wima. Umelala kidogo, na mlalo huo huisaidia gurudumu kurudi mbele lenyewe. Magurudumu ya mbele ya gari nayo yana mlalo kama huo. Ndio unaoufanya usukani urudi katikati baada ya kukata kona.

Sasa, kwenye Land Rover ya aina ile, ekseli ya mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi upande wa nyuma. Ukiinua gari, mikono hiyo huinama, nayo ekseli huzunguka kidogo na kuupunguza ule mlalo. Matokeo yake hayaonekani gari likiwa limesimama. Huonekana Thika Road, kwenye mwendo wa kasi, pale gari linapoanza kutangatanga kama mlevi na dereva akawa anapigana na usukani. Tiba yake ni bushi maalumu zilizotobolewa kando badala ya katikati, au mikono iliyotengenezwa upya kwa pembe inayofaa.

Tena iko fimbo inayopita mkingamo kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli ili kuizuia isiyumbe. Gari likipanda, fimbo hiyo huivuta ekseli upande mmoja. Kwa inchi mbili kosa ni dogo, lakini kwa nne huhitaji fimbo inayorefushwa. Baada ya hapo usukani hunyooshwa na magurudumu hupimwa upya kwa mashine. Kuna wanaofunga shokabsoba ya usukani iliyo nzito wakidhani wametibu ugonjwa, kumbe wamefunika dalili tu.

Wenye magari yasiyo na ekseli nzima mbele, kama Prado nyingi, wana shida ya namna nyingine. Kwao urefu ukizidi, boljointi na viungo vya shafti za mbele hufanya kazi vikiwa vimepinda, vikachakaa upesi. Na wenye pikapu wakumbuke kwamba nyingi zina kifaa kinachopima mzigo na kugawa nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua nyuma bila kukirekebisha, hudhani gari halina mzigo, nacho huzipunguzia breki nguvu.

Wengine hukimbilia matairi makubwa. Ni kweli, tairi ndilo pekee linaloinua ekseli yenyewe kutoka ardhini, maana springi huinua mwili wa gari tu. Lakini hesabu yake ni ya nusu: tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa inchi mbili huinua ekseli inchi moja. Na kila inchi unayoongeza hupandisha uzito juu, gari likawa rahisi kupinduka kwenye kona.

Kaka alinung'unika alipoona kwamba karibu nusu ya fedha zake zinakwenda kwenye bushi, mipira na mikono ambayo hakuna jirani atakayeiona. Mwishowe alikubali. Mvua zilizofuata alimchukua mama kutoka bomani. Gari lilipita uji ule taratibu, na mama, ambaye hajui springi wala ekseli, alisema tu kwamba safari hii hakushikilia kiti.

Ndugu msomaji, ikiwa una gari unalotaka kulipandisha, anza kwa kupima mzigo wako wa kila siku, ukiwahesabu watoto na magunia. Mwulize fundi atafanya nini kuhusu usukani na mipira ya breki kabla ya kumwuliza bei ya springi. Asiyekuwa na jibu, mshukuru uende zako. Iarifu pia kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo. Na gari likitoka gereji, usimpakie mtu kwanza. Liendeshe peke yako mahali palipo wazi, ukate kona, kisha uulegeze mkono uone kama usukani unarudi wenyewe. Usiporudi, rudi wewe kwa fundi.